Ndege zimeungana, foleni imerefuka

Jumamosi iliyopita binti mmoja ninayemwandaa kwa intaviu ya uhudumu wa ndege alikuja kwangu hapa Mamboleo, Kisumu, akafungua daftari na kunisomea mpango wake. Amepata grini kadi. Ataingia kampuni ndogo ya ndege huko Marekani, maana amesikia kuingia si kazi, angoje imezwe na kampuni kubwa, halafu "madam, hapo nitachagua Honolulu." Ni wa tatu mwaka huu kuniletea hesabu hii. Wa kwanza alitaka Los Angeles. Wa pili, Mungu amhurumie, alitaka muungano wowote utakaofungua beisi Kisumu ili awe karibu na mamake.

Nimelieleza jambo hili, kwamba kampuni zikiungana huchagui beisi upendavyo, kwa mdomo hadi koo limekauka, sasa naliandika.

Beisi ni pale unaporipoti kazini na pale kazi inapokurudisha. Unapolala ni shauri lako. Wahudumu wengi Marekani wanaishi mji mmoja na kuripoti mwingine, wakidandia ndege ya kampuni yao kiti kikibaki, na kisipobaki wanatafuta njia nyingine. Chukulia unaishi Kondele na unaripoti JKIA, Nairobi, saa kumi alfajiri. Utaondoka Kisumu jana yake mchana, utalala kwenye bedsita ya Embakasi mliyochanga watu sita, na hakuna wa kukulipa hiyo safari wala hicho kitanda. Kwa hiyo nikikwambia fulani "amepata beisi" sijakwambia anaishi vizuri.

Nafasi ya kuhama hutangazwa pale tu kampuni inapohitaji watu mahali fulani. Mnaomba, na namba ya ukongwe, yaani nafasi yako kwenye foleni ya waliotangulia kuajiriwa, ndiyo inaamua. Walimu mnaosoma hapa, mlioonja delokalaizesheni ya TSC mwaka 2018, ile ya kuhamishwa mbali na kwenu, nyinyi angalau mlikuwa na ofisi ya kwenda kulia na vyeti vya hospitali mkononi. Huku ukilia, namba iko palepale.

Halafu kuna suala la muda. Watu huona ndege zimepakwa rangi moja wakadhani mambo yamekwisha. United na Continental ziliungana kisheria tarehe 1 Oktoba 2010. Cheti kimoja cha uendeshaji, cha kuruka kama kampuni moja, kilitoka mwishoni mwa Novemba 2011. Mkataba mmoja wa wahudumu ulipitishwa 2016, na ilikuwa Oktoba 2018 ndipo wahudumu wa pande mbili walipoanza kupangwa pamoja kwenye ndege moja. Miaka minane sare moja, jina moja, lakini kila upande una rosta yake. Mtoto aliyezaliwa siku ya harusi hiyo alikuwa darasani wazazi wakianza kulala chumba kimoja.

Na miungano mingine haichanganyi watu kabisa. Air France na KLM ziko chini ya mwavuli mmoja tangu 2004, na bado mhudumu wa KLM ni wa Amsterdam na wa Air France ni wa Paris. British Airways na Iberia ni vivyo hivyo tangu 2011. Tuendelee.

Hapa ndipo ninapoudhika. Orodha mbili za ukongwe zikiwa moja, nani anakaa wapi? Sisi wa huku hatuna haja ya kwenda shule kulielewa hili. Mikayi ni mikayi kwa sababu aliolewa kwanza, hata kama nyachira, mke wa pili, amemzidi umri, na nyumba zinajengwa kwa mpangilio huo. Sasa fikiria maboma mawili, kila moja na mikayi wake, yameambiwa yawe boma moja. Nyumba ya nani itakuwa ya kwanza?

Mwaka 2001 American ilipoinunua TWA, jibu lilikuwa la kikatili: wahudumu wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha, pamoja na waliokuwa wamehudumu angani miongo mitatu. Septemba mwaka huohuo usafiri wa ndege ukaporomoka, kazi zikaanza kupunguzwa kutoka mkiani, na kufikia katikati ya 2003 watu wa TWA walikuwa wamesimamishwa. Kwa mtu wa namna hiyo swali la beisi gani halikuwepo tena. Kilio kilifika hadi kwa maseneta wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, na Desemba 2007 ikapita sheria inayobeba majina yao: orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na mkishindwa kuelewana aitwe msuluhishi. Ila pande zote mbili zikiwa chini ya chama kimoja cha wafanyakazi, kanuni za chama ndizo hutumika. Chama kikubwa cha wahudumu kule, AFA, hufuata tarehe ya kuajiriwa.

Tarehe ya kuajiriwa inasikika kama haki tupu, sivyo? Tarehe ipi? Kuna kampuni inayohesabu tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na nyingine tangu siku ulipohitimu na kuvikwa beji ya mabawa. Wiki hizo chache zinaweza kukuweka mbele au nyuma ya darasa zima la watu. Mliolingana tarehe, mara nyingi umri ndio unaamua. Nimeona watu wazima wakinuniana miaka kwa sababu ya Jumatatu na Alhamisi.

Na hata tarehe ikikubalika, bado. Kabla kampuni ya ndege niliyokuwa mhudumu haijaunganishwa na nyingine nilikuwa na miaka sita kazini. Kampuni ilikuwa ndogo, ikikua haraka, wengi waliajiriwa baada yangu, kwa hiyo nilishatoka rizavu, yaani kungoja kuitwa kazini wakati wowote, na Jumapili nilikuwa kanisani. Upande wa pili mtu wa miaka sita alikuwa bado anangoja simu usiku na begi mlangoni. Orodha zikaunganishwa kwa tarehe, bila hila. Beisi yangu sikunyang'anywa. Kilichotokea ni kwamba wakongwe wa upande wa pili waliona mji wetu una joto na bahari, wakaomba kuhamia, wakaingia juu yangu mmoja baada ya mwingine. Miezi michache baadaye nilikuwa nimerudi rizavu, kwenye beisi ileile, chumba kilekile, kodi ileile. Kushika beisi ni jambo moja, kuishi kwenye beisi hiyo ni jingine, na vijana wanauliza la kwanza tu.

Je, nilionewa? Kuna siku nasema ndiyo, kwa sababu niliichagua kampuni changa na hatari zake na malipo ya hatari hiyo yakapotea. Kuna siku nakumbuka sura ya yule mama wa miaka 28 kazini aliyekuja kuchukua Jumapili yangu, na sioni ningemwambia nini. Kuunganisha kwa uwiano wa nafasi, yaani aliye katikati ya orodha yake awe katikati ya ile mpya, kungenifaa mimi na kumuumiza yeye. Vitabu vya mafunzo huandika "kwa haki na usawa" kisha vinafungua ukurasa mwingine.

Jambo moja la haraka: beisi zenyewe hufa. Ukiunganisha viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni chini ya mwenye mali mmoja, kuna siku atauliza kwa nini miwa ya jirani inapimwa kwenye mizani mbili. Delta iliichukua Northwest mwaka 2008 ikarithi Memphis, ilhali Atlanta ipo karibu. 2013 Memphis ikaacha kuwa kitovu cha safari zake. Cleveland ya Continental ikapunguzwa vivyo hivyo 2014, kwa kuwa United tayari ilikuwa na Chicago.

Na Kisumu? Ndege ya Nairobi inafika hapa chini ya saa moja. Kruu anakuja, anarudi, analala kwake. Hakuna mhasibu atakayeweka watu wa rizavu Kisumu kwa safari hiyo, hata waungane nani na nani.

Binti alisikiliza yote haya akinywa chai. Honolulu akaikata kwa kalamu, kwa sababu nilimwambia wanaoipata huwa hawaondoki hadi kustaafu. Kisha akauliza swali ambalo wale wawili hawakuuliza: "Madam, beisi gani wakongwe wanaikimbia?"

Nikamwambia mara nyingi ni New York. Akaandika, akapiga mstari chini yake, akauliza kitanda ni dola ngapi kwa mwezi.