Dirisha la gari-nyumba linapovuja, weka silikoni kando kwanza

Gari-nyumba likianza kuvuja dirishani, wengi hukimbilia silikoni. Wanapaka fremu yote kwa nje, mvua moja inapita pakiwa pakavu, wanadhani wamemaliza. Kumbe maji yametafuta njia nyingine tu. Inaniuma kuona magari mazuri yakiozea ndani kwa namna hiyo, maana kazi yenyewe haimshindi mtu mwenye bisibisi, mwenzake mmoja na siku ya jua.

Dhana: Kupaka silikoni kwa nje kunatosha

Kinachozuia maji hakionekani kwa nje. Ni utepe wa butili, aina ya mpira laini, uliobanwa kati ya ukingo wa fremu na ukuta wa gari. Utepe huo unanata kama ulimbo na hukaa miaka mingi bila kuwa mgumu. Gari likitikisika barabarani, au alumini ikitanuka juani na kusinyaa usiku, nao unavutika. Ukizeeka hukauka na kuacha mianya, na hapo dawa ni utepe mpya, ambao hauwekwi bila kulitoa dirisha.

Silikoni inakuachia pia taabu ya baadaye: ikishakauka, karibu hakuna kinachoshika vizuri juu yake, hata silikoni mpya. Ile yenye harufu ya siki inaweza hata kula alumini. Halafu angalia upande wa chini wa fremu. Madirisha mengi ya kuteleza yana vitundu vidogo vya kutolea maji yanayoingia kwenye reli. Ukivipaka silikoni, reli inajaa kama karai na kumwagikia ndani. Kuna madirisha "yanayovuja" ambayo yalihitaji kijiti cha kuzibulia tu.

Dhana: Maji yakionekana chini ya dirisha, dirisha ndilo linalovuja

Maji husafiri. Yanaweza kuingilia kwenye kiungo cha paa, au nyuma ya zile taa ndogo za juu ubavuni, yakateremka ndani ya ukuta mpaka yakutane na fremu, yakatokeza hapo. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu, mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji. Aanze chini ya dirisha, maji yatiririke taratibu kwa dakika kadhaa, kisha apande: ukingo wa chini, pembeni, juu, na paa mwisho. Akianzia juu, kila kitu kitalowa na hamtajua maji yaliingilia wapi.

Na unyevu wa asubuhi ya baridi huenda ni pumzi za waliolala zilizogeuka matone kwenye kioo. Ukungu ulionasa katikati ya vioo viwili nao ni ugonjwa wa kioo chenyewe, butili mpya haitauondoa.

Dhana: Doa dogo si la kuharakia

Bonyeza ukuta chini ya kona ya dirisha kwa kidole gumba. Ulio mzima unagoma. Niliwahi kubonyeza mmoja wenye doa la ukubwa wa sarafu: kidole kilizama, karatasi ya ukutani ikachanika, na plaiwudi iliyo nyuma yake ilikuwa nyeusi, laini kama mkate uliolowa. Ukikuta hivyo, toa kilichooza, acha pakauke kabisa hata kama ni wiki nzima, ndipo uzibe. Ukiziba pakiwa na unyevu, umeufungia ndani uendelee kula mbao.

Dhana: Kulitoa dirisha ni kazi ya fundi pekee

Vioo vilivyogandishwa moja kwa moja kwenye bodi, kama kioo cha mbele, ndiyo, mwachie fundi. Lakini madirisha mengi ya fremu ya alumini yameshikwa na pete ya ndani yenye skrubu. Ukizitoa, dirisha linabaki limeshikwa na butili kuukuu tu, kwa hiyo mwenzako awe nje amelikinga kwa mikono miwili. Kwangua kwa kikwanguo cha plastiki mpaka fremu na ukuta viwe safi, kisha futa kwa spiriti. Kama kioo ni cha akriliki, kama yalivyo madirisha mengi ya magari ya Ulaya, kisiguswe na spiriti, asetoni wala thina: kitajaa nyufa nyembamba. Utepe mpya uzungushe bila kuuvuta, miisho ikutane upande wa chini.

Dhana: Kaza skrubu kwa nguvu zote

Ukifanya hivyo, unaikamua butili yote nje. Kaza kidogo kidogo kwa pande zinazotazamana, kama nati za gurudumu, mpaka butili ianze kuchungulia pande zote. Rudi kesho yake, jua likiwa limeilainisha, ukaze tena kidogo, kisha ukate iliyotokeza. Ukipenda kuongeza gundi ya kuzibia isiyo silikoni, ipake juu na pembeni tu. Chini pabaki wazi, maji yakiponyoka yapate pa kutokea.