Chopa za Skrini: Mwanafunzi Atazame Wapi?

Wakazi wa Moshi wameizoea sauti ya helikopta inayoelekea mlimani asubuhi, kabla mawingu hayajamfunika Kibo, kumfuata mpandaji aliyezidiwa na ugonjwa wa mwinuko. Vijana wengi wanaotujia sisi wakufunzi wa helikopta kuuliza habari za mafunzo wameanzia hapo, kuitazama chopa kutoka chini. Na swali lao siku hizi ni moja: hizi mpya zenye skrini, si rahisi zaidi kujifunza?

Kusoma vipimo kumerahisishwa kweli. Kuruka ni kulekule.

Zamani mbele ya rubani kulijaa geji za mshale, kila moja na kazi yake. Katika chopa kama Bell 505, karibu zote zimehamia kwenye skrini mbili. Mwendo umesimama kama rula kushoto, kimo kulia, na kando ya rula kuna mstari mwembamba unaokuonyesha utakuwa wapi baada ya sekunde 6 usipobadilisha kitu. Ni msaada mkubwa, na ndio unaomteka mwanafunzi.

Nina mwanafunzi ambaye siku za mwanzo hakuweza kuituliza chopa hewani. Mkono wa kushoto kwenye wenzo wa kupandia, wa kulia kwenye usukani, miguu kwenye pedali, vyote sawa. Tatizo lilikuwa macho. Namba ya kimo ikiruka kidogo, anaifukuza. Akiipata, chopa imeshateleza mita tatu kushoto. Nikachukua kadibodi, nikafunika skrini zote za upande wake, atazame nje.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wa nyanda za juu. Uwanja wa ndege wa Arusha uko takriban futi 4,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kawaida vya anga, kimo hicho kina joto la nyuzi 6 hivi. Mchana wa nyuzi 28 umezidi kwa nyuzi 22, na kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi kama ya juu, kila nyuzi moja ni kama kuongeza futi 120. Piga hesabu: mapanga na injini vinafanya kazi kama vile viko zaidi ya futi 7,000, na bado hujaondoka ardhini. Rubani wa injini ya tabini zamani alilinda geji tatu kwa pamoja: nguvu ya msokoto, joto la gesi na kasi ya mzunguko wa injini. Skrini ya chopa ya AS350 B3 inampa mshale mmoja tu, unaofuata kile kinachokaribia kikomo mapema kuliko vingine. Uvumbuzi mzuri sana. Lakini mabondeni kinachotangulia mara nyingi ni msokoto, na ukipanda kuelekea Meru au Kilimanjaro, joto au mzunguko vinaweza kuchukua nafasi yake. Mshale ni uleule. Ndiyo maana namtaka mwanafunzi ataje kwa sauti: sasa hivi kinachonibana ni kipi?

Mwaka 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilitoa utafiti wa ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizoundwa kati ya 2002 na 2006. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, ila kiwango chao cha ajali za vifo kilikuwa juu zaidi. Hizo zilikuwa ndege za mabawa, si helikopta, lakini ushauri wa bodi unatugusa: rubani afundishwe mfumo uleule atakaourusha, pamoja na namna unavyoharibika. Kihisi kimoja kikifa, skrini huchora msalaba mwekundu juu ya kipimo, na wewe unapaswa kuhamia papo hapo kwenye kipimo kidogo cha akiba.

Mengine ni madogo ila yana uzito. Miwani ya jua ya polaroidi inaweza kuifanya skrini ionekane nyeusi, iache nyumbani. Ramani ya kidijitali haiujui mnara wa simu uliosimikwa mwezi uliopita, wala nyaya zote za umeme. Na ukikosea kuweka mgandamizo wa hewa uliopewa na mwongozaji wa ndege kwa hektopaskali 5, skrini itakuonyesha kimo chenye kosa la futi 140 hivi, kwa tarakimu safi kabisa.

Viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinataka saa zisizopungua 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi wa helikopta, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa. Mzazi, kabla hujalipa ada, uliza ni ngapi kati ya hizo mwanao ataruka skrini zikiwa zimefunikwa.

Yule mwanafunzi wangu alipata utulivu dakika ya kumi na moja ya kadibodi. Futi tano juu ya nyasi, macho kwenye milima ya Monduli, na mkono wa kulia ukisogea kidogo kiasi kwamba sikuuona.