Je, wajua kwa nini presha ya mwenye kisukari hupanda kupita kiasi akifanya mazoezi?

Jua likianza kupoa, ufukwe wa Shangani mjini Mtwara hupata watu wa mazoezi. Tuseme wawili kati yao ni wa umri mmoja, wanatembea mwendo mmoja wa haraka, na kabla ya kuondoka nyumbani kila mmoja alipima presha akakuta 125 kwa 80. Ukiwapima katikati ya mwendo, wa kwanza anaweza kuwa amefika 150, na mwenzake mwenye kisukari amefika 180. Kwa nini?

Kwanza tuondoe hofu: presha kupanda wakati wa mazoezi si ugonjwa. Misuli inayofanya kazi inadai damu nyingi, na moyo, ambao ukiwa umetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika, unaweza kufikisha lita 15 au 20. Ndiyo maana namba ya juu hupanda. Namba ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, kwa sababu mishipa ya damu ndani ya misuli hutanuka kuipokea damu hiyo. Madaktari wengi huona imezidi pale namba ya juu inapofika 210 kwa mwanamume au 190 kwa mwanamke, mazoezi yakiwa yamepamba moto.

Shida ya mwenye kisukari iko kwenye kutanuka huko. Sukari ikikaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye nyuzi za protini zilizo katika kuta za mishipa, na kuta hizo hukakamaa kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani. Utando laini wa ndani ya mshipa nao hupungukiwa na nitriki oksaidi, gesi inayouamuru mshipa ulegee. Tena mwili unaoikataa insulini huwa na mishipa ya fahamu iliyochachamaa, inayobana mishipa ya damu na kuuhimiza moyo. Damu inaongezeka, njia haipanuki. Namba lazima iruke. Na mtu ambaye presha yake akiwa amekaa ni nzuri, lakini hupaa hivyo kwenye mazoezi, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa presha miaka ya mbele.

Wapo pia ambao kwao mambo huenda kinyume, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu inayoongoza moyo. Moyo hauongezi kasi inavyotakiwa, presha inagoma kupanda au inaporomoka ghafla mtu anaposimama. Ukiona unapata kizunguzungu ukiinuka kitandani, mwambie daktari kabla hujaanza mchakamchaka, na usisimame ghafla baada ya kukimbia; malizia kwa kutembea taratibu.

Joto letu la kusini linaongeza jambo moja ambalo watu hawalisemi vya kutosha. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari viitwavyo glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa kwenye mazoezi, na dalili zake ni moyo kwenda mbio, kutetemeka na jasho. Akiwa anameza atenolol kwa ajili ya presha, dawa hiyo huficha mapigo na kutetemeka, likabaki jasho. Sasa Mtwara au Lindi mwezi wa Novemba, nani asiyetoka jasho? Basi apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), ale kitu kwanza, na atembee na kitu kitamu mfukoni.

Msimu wa korosho nao una mtihani wake. Kupanda kutoka bondeni hadi Newala kwa miguu ni mazoezi ya moyo, presha hupanda polepole. Kuinua gunia huku umebana pumzi ni habari nyingine. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima watunisha misuli wenye afya, kipimo kikiwa ndani ya mshipa wa mkono, na mmoja alipita 480 kwa 350 akisukuma uzito kwa miguu miwili. Ilidumu sekunde chache tu. Lakini mwenye kisukari ambaye macho yake yameota vijishipa dhaifu anaweza kuvuja damu ndani ya jicho kwa msukumo wa namna hiyo. Huyo gunia amwachie mwingine, yeye atembee.

Na atembee kweli, maana mazoezi yenyewe ni tiba ya mishipa ile iliyokakamaa. Dakika 150 kwa wiki, bila kupitisha siku mbili mfululizo za kukaa, huifundisha mishipa kutanuka tena na kushusha presha ya kila siku. Hata baada ya matembezi ya jioni moja, presha inaweza kubaki chini kwa saa kadhaa. Ila ukifika kliniki kwa miguu, omba ukae dakika 5 kabla ya kufungwa kipimo, la sivyo wataandika kwenye kadi presha ya mwendo wako wa njiani.