Mtumbwi wa fito za mbao: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukimwambia mtu wa Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu, kwamba mtumbwi wa mbao unaweza kuwa na uzito wa kilo 18, atakutazama mara mbili. Mashua anazozijua zimeundwa kwa mbao nene zilizopigiliwa misumari, zina mkuku (ule mti wa chini unaopita urefu wote) na mataruma (mbavu za ndani), na viungo vyake vimesindiliwa pamba. Kuitoa majini ni kazi ya kundi zima. Hana kosa, kwa sababu mashua hiyo imejengwa kubeba nyavu, injini, wavuvi na samaki wao, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Mtumbwi wa fito una kazi nyingine. Urefu wake ni kama mita 4.3, anapanda mtu mmoja, na mtu huyo huyo anaubeba begani kutoka nyumbani hadi majini bila kumwita jirani. Unajengwa hivi: fremu za plaiwudi zinasimamishwa juu ya boriti iliyonyooka, moja kila baada ya sentimita 30. Fito zenye unene wa milimita 6 na upana wa milimita 20 hivi zinalazwa juu ya fremu hizo, ubavu kwa ubavu, zikishikanishwa kwa gundi ya mbao. Gamba likishapigwa randa na msasa linavishwa kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi, gundi ya majimaji inayochanganywa rezini na hadina (kigumisho chake) ikakauka na kuwa ngumu. Kisha linageuzwa, fremu zinatolewa, na upande wa ndani unavishwa vilevile.

Yafuatayo nimeyasikia mara nyingi kwa mafundi wa mbao na kwa watu wa ziwani. Nayaandika kwa sababu yanawakatisha tamaa watu wenye uwezo kamili wa kuifanya kazi hii.

"Mbao ya milimita 6 itapasuka ikigusa jiwe"

Ingekuwa mbao tupu, ingepasuka. Lakini hapa mbao haifanyi kazi peke yake. Chukua kipande cha ufito chenye urefu wa mkono, ukipinde: kinakubali, na ukizidisha kinakatika. Kingine kama hicho kivishe faibaglasi na epoksi pande zote mbili, kiache kikauke siku chache, kisha ujaribu tena. Utakuwa umeongeza sehemu ndogo tu ya milimita kila upande, na mikono yako haitaweza kukipinda kama mwanzo.

Siri iko kwenye nafasi iliyo kati ya zile ngozi mbili za faibaglasi. Kitu kinapopinda, upande mmoja unavutwa na wa pili unabanwa, na katikati panabaki karibu bila mzigo. Faibaglasi ndiyo inayobeba mvuto na mbano, na kazi ya mbao ni kuziweka ngozi hizo mbali na kuzizuia zisiteleze. Unene wa kitu ukiwa mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda unakuwa mara nane. Ndiyo maana mtumbwi huu hauhitaji mataruma. Anayeongeza mataruma "kwa usalama" ameongeza kilo, na mara nyingi ameleta tatizo jipya: gamba likigonga kitu linashindwa kubonyea kidogo na kurudi, linavunjika pale pale penye ukingo wa taruma.

Hii haina maana kwamba unaweza kuuburuta juu ya mawe. Mikwaruzo itatokea. Mkwaruzo ukiishia kwenye epoksi ni wa sura tu, lakini ukifika kwenye mbao, maji yanaingia na mbao inaanza kuwa nyeusi. Hapo unaukausha vizuri, unasugua msasa, na kuweka kiraka cha kitambaa.

"Bila mbao za ng'ambo, usijisumbue"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na watu hawaipigi.

Vitabu vya Marekani na Kanada vinasifu mwerezi mwekundu wa magharibi, na ni mti mzuri kweli: mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina uzito wa kama kilo 370. Sasa pima. Gamba la mtumbwi wa mita 4.3 lina eneo la karibu mita 4 za mraba. Kwa unene wa milimita 6, huo ni ujazo wa mita za ujazo 0.024. Ukitumia mwerezi huo wa ng'ambo, mbao za gamba zitakuwa karibu kilo 9. Saipresi yetu, ile inayouzwa katika kila yadi ya mbao kuanzia Nakuru hadi Kisumu, ni kati ya kilo 400 na 500 kwa mita ya ujazo. Tuseme 450: utapata karibu kilo 11. Tofauti ni kilo 2. Kwa kilo 2 hizo mtu anaacha kujenga.

Malizia hesabu. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, safu moja nje na moja ndani, ni kilo 1.6. Epoksi, ikiwekwa kwa nidhamu, ni kilo 3. Mbao za ukingo, kikalio na mkingamo (ule mti unaokatiza kutoka ubavu hadi ubavu) ni kilo 3 nyingine. Jumla inafika kilo 18 au 19. Ukizichana fito kwa milimita 5 badala ya 6, unapunguza karibu kilo 2, na tayari umeufikia ule wa ng'ambo.

Mvule ni habari nyingine. Ni mti wa heshima kwa mashua, hauliwi na maji wala wadudu, lakini una kilo kama 640 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao za gamba peke yake zitakuwa kilo 15. Utumie kwenye ncha na mbao za ukingo, pale panapogongwa. Na usidanganywe na mwangati, ambao watu wengi huuita mwerezi wa Kenya. Ni mti tofauti kabisa na ule mwekundu, na unazidi kilo 500.

Kinachopaswa kukupa wasiwasi ni unyevu. Mbao za yadi mara nyingi huuzwa mbichi. Ukizifunga kwa epoksi zikiwa na maji, maji hayo hayatakuwa na pa kutokea. Zichane, zipange kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kisha chukua kipande kimoja ukipime kila baada ya siku chache kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kupungua, mbao iko tayari. Chagua zenye nyuzi zilizonyooka. Fundo dogo unaweza kulikwepa kwa kukata ufito na kuuunga kwa mshazari, urefu wa kiungo ukiwa mara nane ya unene.

"Epoksi ikichelewa kukauka, ongeza hadina"

Najua dhana hii imetoka wapi. Mafundi wetu wengi wameijua faibaglasi kwenye gereji, kwa kuziba bampa na bodi za matatu kwa rezini ya poliesta. Huko unaweka matone ya kichocheo: ukizidisha kidogo inakauka haraka, ukipunguza inachelewa. Epoksi haifanyi hivyo. Hadina yake ni sehemu ya kitu chenyewe, inaungana na rezini kwa kiwango maalumu kilichoandikwa kwenye kopo, kama 2 kwa 1 au 5 kwa 1. Ukizidisha, hadina iliyokosa mwenzake inabaki humo ndani, na utapata gamba laini lisilokauka hata baada ya mwezi. Dawa yake ni kukwangua yote na kuanza upya. Ukitaka mwendo wa haraka au wa polepole, nunua hadina ya aina hiyo. Kwa Kisumu, nunua ya polepole.

Usishawishike na bei ukaweka poliesta badala ya epoksi. Poliesta haishiki mbao vizuri, na baada ya muda ngozi inaanza kubanduka. Ngozi ikibanduka, ule ugumu wote nilioueleza juu umekwisha.

Joto letu nalo lina mambo yake. Epoksi inapoungana hutoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kirefu joto hilo halipati njia. Saa nane mchana, karakana ikiwa nyuzi 30, kikombe kilichojaa kinaweza kuanza kuchemka mkononi: kwanza unahisi plastiki inalegea kwenye vidole, halafu moshi, kisha yote yanakuwa jiwe. Changanya kidogo kidogo, na mara tu ukimaliza kukoroga mimina kwenye trei pana.

Anza kupaka jioni, joto likishuka. Mbao ikiwa inapata joto, hewa iliyo ndani ya vitundu vyake inatanuka na kutoa mapovu chini ya kitambaa. Ikiwa inapoa, inavuta epoksi ndani. Shida ya jioni ni wadudu wa ziwani wanaofuata taa, nao wakitua kwenye epoksi mbichi hawaondoki. Tundika neti za mbu juu ya kazi nzima.

Uzito wa bure hujificha hapa pia. Kitambaa kilicholowa sawasawa hupotea machoni, lakini ukikitazama kwa ubavu bado unaona mchoro wa nyuzi zake. Panapong'aa kama kioo pana epoksi ya ziada. Ikokote kwa kipande cha plastiki bapa uitoe.

Wengine husema epoksi haina madhara kwa kuwa haina harufu kali kama poliesta. Hii ni hatari. Epoksi huingia kwa ngozi, na mwili ukishaikataa unaweza kukataa maisha yako yote: vipele na kuvimba kila unapoikaribia. Vaa glavu kila mara, na usinawe kwa tina, kwa sababu inaisaidia kupenya. Unapopiga msasa, vaa barakoa ya vumbi.

"Ukishapaka epoksi umemaliza"

Jua la ikweta huila epoksi. Miale ya urujuanimno huifanya iwe ya manjano, kisha kama chaki, na mwishowe kitambaa kinaachana na mbao. Inahitaji mikono mitatu ya vanishi yenye kinga ya miale hiyo, na vanishi nyingine mpya kila inapofifia. Uhifadhi umepinduliwa, kivulini, juu ya mbao mbili, usiguse udongo.

"Mtu mmoja kwenye mtumbwi atazunguka tu"

Atazunguka akikaa nyuma kabisa, kwa sababu ncha ya mbele itanyanyuka na upepo utaigeuza unavyotaka. Mtumbwi wa mtu mmoja si ule wa wawili uliofupishwa. Kikalio kipo karibu na katikati, nyuma kidogo tu, na upana wa mtumbwi ni sentimita 70 hadi 76 ili kafi ifikie maji bila kuinama. Mkuku hauhitajiki. Kinachoushika mwendo ni urefu wake majini, na mkono wa mpigaji: mwisho wa kila pigo unageuza kafi ili kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini, kisha unausukuma ubapa nje kidogo. Ukizoea, unapiga upande mmoja tu na mtumbwi unakwenda sawa.

Wapo pia wanaoamini kwamba sakafu bapa na pana ndiyo salama. Ni tulivu kwenye maji yaliyolala. Kwenye wimbi, sakafu bapa inalala sambamba na mteremko wa wimbi na kukupeleka nayo, lakini yenye mviringo kidogo inakuruhusu ubaki wima.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Kule Baringo, si mbali na Nakuru, Wailchamus wamekuwa wakijenga mitumbwi ya mtu mmoja kwa vijiti vya ambachi, mti wa kandokando ya maji ulio mwepesi kupita kiasi, wakivifunga pamoja. Mvuvi anaketi humo peke yake na kuubeba akimaliza. Wazo la chombo chepesi cha mtu mmoja limo humu nchini tangu zamani. Huko Marekani nako wamelifuata kwa bidii: mwaka 1883 fundi J. Henry Rushton wa Canton, New York, alimjengea mwandishi George Washington Sears mtumbwi wa mbao nyembamba za mwerezi uliokuwa na kilo chini ya 5. Sears alikuwa mtu mdogo mwenye afya dhaifu, na alisafiri nao mamia ya kilomita katika maziwa ya Adirondack akiubeba mwenyewe kutoka ziwa hadi ziwa.

"Mwepesi hivi, ziwa litaumeza"

Hapa wanaosema wana sehemu ya ukweli, na sitaki kuipunguza. Chombo chepesi hushikwa na upepo. Katika Ghuba ya Winam asubuhi huwa shwari, kisha mchana upepo wa ziwani unavuma kuelekea mjini na mawimbi yanasimama. Toka alfajiri, rudi kabla ya saa tano. Kaa mbali na mafunjo, kwa sababu kiboko hupumzika humo, na mtumbwi mwembamba hauna la kumfanyia. Gugumaji likisogezwa na upepo linaweza kuziba njia uliyotokea, kwa hiyo tazama nyuma kila mara.

Mbao inaelea, lakini mtumbwi uliojaa maji hauwezi kukubeba juu yake. Funga mifuko ya hewa kwenye ncha zote mbili, uijaribu karibu na ufuo kwa kuupindua makusudi ukiwa na mwenzako. Jaketi la kuokolea livae kabla ya kupanda, na mtu wa ufuoni aambiwe unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.