Wapi Yesu alisema “Mimi ni Mungu”?

Kila mhadhara wa dini ukipita mtaani kwetu, wiki inayofuata napata wageni. Wengine wananingoja baada ya ibada, wengine wananitumia ujumbe wa sauti usiokwisha, na neno ni lile lile: “Mwalimu, Waislamu wametubana. Wametaka aya moja tu ambapo Yesu anasema kwa kinywa chake, ‘Mimi ni Mungu, niabuduni.’ Tumeikosa.” Nafundisha Agano Jipya, na swali lenyewe halinichoshi hata kidogo. Kinachonichosha ni namna sisi Wakristo tunavyolipokea. Tunakubali sharti bila kulipima, tunakimbilia Injili ya Yohana kuokota mafungu, tukipata moja tunashangilia, tukikosa tunanyamaza kana kwamba imani imekwisha.

“Yesu hakusema popote kwamba yeye ni Mungu”

Changamoto hii ilienezwa sana na marehemu Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Durban, Afrika Kusini, ambaye kanda zake zilizunguka Afrika Mashariki miaka mingi kabla ya video kuhamia kwenye simu. Anayeuliza ana haki yake ya kuuliza, na ajibiwe kwa heshima. Ila tulitazame sharti lenyewe: linadai kwamba jambo halijasemwa mpaka lisemwe kwa maneno aliyoyachagua muulizaji wa leo.

Hebu tuyachukue maneno hayo tuyapeleke Galilaya. Myahudi wa karne ya kwanza alikiri Mungu mmoja kila siku, asubuhi na jioni. Mtu akisimama mbele yake Kapernaumu na kutamka “mimi ni Mungu,” atasikia moja kati ya mawili: ama huyu anadai kuwa ndiye Baba aliye mbinguni, ama anatangaza mungu wa pili. Imani ya Kikristo inayakataa yote mawili. Mwana si Baba, wala hakuna miungu wawili. Kwa hiyo aya tunayodaiwa, hata ingekuwapo, isingesema kile tunachokiamini. Nashangaa ni wainjilisti wangapi hawajawahi kulifikiria jambo hili kabla ya kupanda jukwaani.

Ushahidi wa Maandiko umejengwa kwa njia nyingine. Waandishi wa Agano Jipya wanachukua mambo ambayo Agano la Kale linayasema juu ya BWANA peke yake, wanayaweka kwa Yesu. Ndiyo sababu asiyelijua Agano la Kale anapita juu yake bila kuona kitu. Na ndiyo sababu nawasihi watu wasianze na Yohana. Anzeni na Marko, ambayo wasomi wengi wanaiona kuwa ya kwanza kuandikwa, mnamo mwaka 65 hadi 70 hivi, na ambayo ndiyo watu husema haina habari za uungu.

Marko haanzi na hori wala mamajusi. Anaanza na manabii: aya ya pili na ya tatu ananukuu Malaki 3:1 na Isaya 40:3, itengenezeni njia ya Bwana. Sasa fungua Isaya mwenyewe. Katika Biblia ya Union utakuta neno hilo limepigwa chapa kwa herufi kubwa, BWANA, na herufi hizo husimama mahali pa jina la Mungu. Sehemu ya pili ya aya hiyohiyo inasema njia hiyo ni ya “Mungu wetu.” Anayengojewa jangwani ni Mungu wa Israeli. Kwa Marko, Yohana Mbatizaji anaandaa njia, msomaji anainua macho aone ni nani anayekuja, na anayekuja ni Yesu kutoka Nazareti.

Sura ya pili, watu wanne wametoboa dari wakamshusha mwenzao aliyepooza. Yesu anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Waandishi waliokaa pale wanawaza kwamba hii ni kufuru, maana ni nani awezaye kusamehe dhambi ila Mungu peke yake? Hapo huwa naulizwa kuhusu Nathani, kwamba naye alimwambia Daudi dhambi yake imeondolewa. Ni kweli, lakini soma 2 Samweli 12:13 vizuri: Nathani anasema BWANA ndiye aliyeiondoa. Yeye ni mjumbe, na anazungumza kama mjumbe. Yesu angeweza kujitetea vivyo hivyo na ubishi ungekwisha palepale. Badala yake aliwaambia kwamba Mwana wa Adamu, jina alilojiita mwenyewe, anayo amri duniani ya kusamehe dhambi, kisha akamwinua yule mgonjwa ili wajue hilo.

Kisha kuna sura ya sita, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote na ndiyo isiyotajwa kabisa mihadharani. Wanafunzi wanahangaika kupiga makasia, upepo ni wa mbisho, ni zamu ya nne ya usiku. Yesu anawajia akitembea juu ya bahari, halafu Marko anaongeza maneno mafupi: “akataka kuwapita.” Mtu anayekwenda kuwasaidia wenzake walioelemewa, kwa nini atake kuwapita? Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hii, na karibu yote yanaruka maneno hayo.

Rudi Kutoka 33 na 34. Musa anaomba kuuona utukufu wa Mungu, naye anafichwa katika ufa wa mwamba, na BWANA anapita mbele yake. Rudi 1 Wafalme 19: Eliya yuko Horebu, na BWANA anapita. Kupita ndiko jinsi Mungu anavyojifunua kwa mwanadamu asiyeweza kumtazama uso kwa uso. Sasa soma Ayubu 9. Aya ya 8 inasema Mungu peke yake ndiye azitandazaye mbingu na kuyakanyaga mawimbi ya bahari. Aya tatu mbele, Ayubu analalamika kwamba Mungu anapita karibu naye wala yeye hamwoni. Kukanyaga bahari na kupita, yote mawili mahali pamoja, kama ilivyo kwa Marko. Marko mwenyewe anakiri kwamba wale waliokuwa chomboni hawakuelewa, mioyo yao ilikuwa mizito. Hakutuandikia kaulimbiu ya kupiga kwa kipaza sauti. Alituonyesha Yesu akifanya jambo ambalo Ayubu alisema Mungu hulifanya peke yake.

Mwisho, sura ya 14. Kuhani Mkuu anamwuliza kama yeye ndiye Kristo. Yesu anajibu: “Mimi ndiye; nanyi mtamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa nguvu, akija na mawingu ya mbinguni.” Kuhani anararua nguo zake na kusema wamesikia kufuru. Kufuru ipi? Kudai umasihi peke yake hakukuwa kufuru. Karne iliyofuata Bar Kokhba aliongoza uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, kuanzia 132 hadi 135, na mapokeo ya marabi yanasema Rabi Akiva alimtangaza kuwa Masihi. Walikuwapo waliompinga, lakini hakuna aliyemshitaki kwa kukufuru.

Kilichomchoma Kuhani ni maandiko mawili yaliyounganishwa katika sentensi moja. La kwanza ni Zaburi 110:1, kuketi mkono wa kuume wa Mungu. La pili ni Danieli 7:13, ambapo mmoja aliye mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu na kupewa ufalme ili mataifa yote wamtumikie. Katika Agano la Kale anayesafiri juu ya mawingu ni Mungu. Tazama Zaburi 104:3 na Isaya 19:1. Mtu aliyefungwa, anayekabiliwa na kifo, anawaambia waamuzi wake kwamba watamwona kwenye kiti hicho na juu ya mawingu hayo. Waliomhukumu walielewa. Wanaotaka aya moja leo wanaisoma aya hiyohiyo na kusema hakudai kitu.

Hapa hapa nikate na dhana nyingine ambayo naikuta hata kwenye madarasa ya kipaimara: eti “Mwana wa Mungu” ni jina la uungu wake na “Mwana wa Adamu” ni la ubinadamu wake tu. Mfalme wa Israeli aliitwa mwana wa Mungu (Zaburi 2:7), na Israeli yote iliitwa hivyo (Kutoka 4:22). Jina hilo peke yake halithibitishi uungu; unahitaji kuona Yesu anavyolijaza. “Mwana wa Adamu” nalo, likishikana na mawingu ya Danieli, ndilo lililomfikisha msalabani.

“Uungu wa Yesu ulipigiwa kura Nikea”

Hii haistahili muda mrefu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikutana mwaka 325, ukiitwa na Kaizari Konstantino. Hakuna aliyekwenda kuuliza kama Kristo aabudiwe au asiabudiwe. Pande zote mbili zilikuwa zikimwabudu. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa wa kwanza na bora kuliko vyote. Askofu wake alikataa. Mtaguso ulitamka kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Kati ya maaskofu karibu 300, waliogoma hadi mwisho kuukubali ukiri huo walikuwa wawili.

Mkoa uleule ambamo Nikea imo, Bithinia, ulikuwa na liwali Mrumi aliyeitwa Plinio. Mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaizari Trajano kuhusu Wakristo aliowahoji: wana desturi ya kukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso, na shahidi ni mpagani anayewatesa. Na wanaosema serikali ndiyo iliyolazimisha fundisho hilo waeleze kwa nini Athanasio, mtetezi mkuu wa Nikea, alifukuzwa jimboni kwake mara tano na makaizari, kuanzia Konstantino mwenyewe.

“Miujiza inathibitisha kwamba yeye ni Mungu”

Hii ni ya upande wetu, na inatuaibisha. Elisha alilisha watu mia kwa mikate ishirini. Eliya alimfufua mwana wa mjane wa Sarepta. Hakuna anayewaabudu. Ukisimama mbele ya watu na hoja ya muujiza mtupu utaangushwa kwa mstari mmoja tu, na utakuwa umestahili. Tazama namna muujiza unavyofanyika. Eliya anamwomba Mungu, na Elisha anatamka neno la BWANA. Yesu anaikemea bahari kwa amri yake mwenyewe, na wanafunzi wanaogopa na kuulizana ni nani huyu. Zaburi 107:29 inalo jibu la aliye na mamlaka ya kutuliza dhoruba.

“Baba ni mkuu kuliko mimi”

Yohana 14:28 hutolewa kama pigo la mwisho, na pamoja nayo Marko 10:18, “Kwa nini kuniita mwema?” Kwa Yohana, anayesema ni Mwana aliyetumwa, aliyefanyika mwili, yuko saa chache kabla ya kukamatwa, na anazungumzia kurudi kwa Baba. Injili hiyohiyo inafunguka kwa Neno aliyekuwa Mungu, na inakaribia kufungwa kwa Tomaso akimwita “Bwana wangu na Mungu wangu,” naye hamkemei. Kwa Marko, Yesu hakusema “mimi si mwema.” Aliuliza swali, akamtajia yule tajiri amri, kisha akamwambia kilichobaki ni kuuza vyote na kumfuata yeye. “Mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote” ya Wakolosai 1:15 nayo isomwe hadi aya inayofuata, kwamba katika yeye vitu vyote viliumbwa. Katika Zaburi 89:27 neno hilohilo ni la cheo, kwa maana Daudi alikuwa kitinda mimba kwa Yese.

“Tunayo 1 Yohana 5:7, yatosha”

Haitoshi, tafadhali iacheni. Maneno ya mashahidi watatu mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Hayamo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani, zote za karne ya nne. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519. Aliyaingiza mwaka 1522 baada ya kushinikizwa. Tafsiri nyingi za sasa zimeyaondoa au kuyatia mabano, na mpinzani aliyejiandaa anajua hilo. Ukiishika aya hii, atakayoivunja ni imani ya msikilizaji mchanga aliyekaa nyuma yako.

Ukitaka andiko fupi, chukua 1 Wakorintho 8:6 uliweke kando ya Kumbukumbu la Torati 6:4, ukiri ule wa asubuhi na jioni, kwamba BWANA Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja. Paulo anauchukua ukiri huo na kuugawa: Mungu mmoja, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetoka kwake, na Bwana mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Hakuongeza wa pili nje ya ukiri. Amemkuta Yesu ndani yake, akiumba. Barua hiyo iliandikwa mnamo mwaka 55 hivi, na Paulo haitetei hoja hiyo hata kwa neno moja. Anaitaja kama jambo ambalo Wakorintho wameshalijua, kisha anarudi kwenye mada yake ya nyama zilizotolewa sadaka kwa sanamu.