Je, wajua kwa nini watalii hawaishi kumiminika Venice?

Wengi wetu jina la mji huu tulilipata kwa Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Rialto, pale wafanyabiashara wa tamthilia ile wanapoulizana habari za meli, papo hadi leo, na mamilioni ya wageni hupita hapo kila mwaka. Wanafuata nini?

Wengi watakujibu: uzuri. Lakini Italia imejaa miji mizuri. Mimi nasema ni maji. Maji ndiyo yaliyouzaa mji huu, ndiyo yaliyoulinda, na ndiyo yaliyouzuia usifanane na miji mingine.

Dola ya Roma ilipokwisha kuanguka upande wa magharibi, watu wa kaskazini mwa Italia walikuwa wakikimbia majeshi ya wavamizi, hasa Walombardi walioingia mwaka 568. Walijificha kwenye visiwa vya tope, ndani ya maji ya kina kifupi yaliyotengwa na Bahari ya Adria kwa ndimi za mchanga. Farasi hawafiki huko, na nahodha asiyejua njia za maji hukwama. Leo mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400.

Sasa, kanisa la mawe linasimamaje juu ya tope? Mafundi walichonga ncha magogo ya mialoni na miti mingine, wakayapigilia wima kwa maelfu, yakibanana, hadi tope likashikamana na kuweza kubeba uzito. Juu yake walilaza mbao nene, kisha mawe kutoka Istria, rasi iliyo ng'ambo ya Adria, ambayo hayapitishi maji kwa urahisi. Utauliza, magogo hayaozi? Vinavyoozesha mti kwa haraka, hasa kuvu, vinahitaji hewa, na ndani ya tope lile hewa ni haba mno. Mti huharibika upesi pale unapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukizama moja kwa moja hudumu karne nyingi. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanza kujengwa mwaka 1631 kutimiza nadhiri iliyowekwa wakati wa tauni, husemekana limebebwa na magogo zaidi ya milioni moja. Kila nikilifikiria jambo hili nastaajabu upya: msitu mzima umesimama kichwachini gizani, na juu yake watu wanasali.

Utajiri wa kujengea hayo yote ulitoka baharini, kwa pilipili na hariri zilizonunuliwa Alexandria na Konstantinopoli. Hata masalia ya Mtakatifu Marko, yaliyoupa mji kanisa lake kuu, yalichukuliwa Alexandria mwaka 828. Masimulizi yanasema wafanyabiashara wawili waliyafunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha Waislamu wasiyaguse. Na sisi wa Afrika Mashariki tulifikiwa pia. Tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuhofia moto, na katika karne ya 19 ushanga wa Venice ulikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo misafara iliyotoka pwani yetu ilibeba kwenda bara kununulia pembe za ndovu.

Venice ilikuwa jamhuri iliyojitawala hadi Napoleon alipoiangusha mwaka 1797. Mji ukafukarika, na mji fukara haubomoi majumba ya kale kujenga mapya. Treni ilifika mwaka 1846 na barabara mwaka 1933, lakini magari huishia ukingoni. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti, taka huzolewa kwa boti, hata marehemu huvushwa kwa boti hadi makaburi ya kisiwa cha San Michele. Mgeni anadhani amekuja kupanda gondola, ile mashua nyembamba ya mji huu; nadhani kinachomshika hasa ni kusikia nyayo zake mwenyewe katikati ya mji.

Wapo pia wanaowahi kabla haujazama. Bamvua likikutana na upepo wa kusini, maji hupanda hadi sebuleni: sentimita 194 juu ya kipimo cha kawaida mwaka 1966, na 187 mwaka 2019. Tangu 2020 milango 78 ya chuma huinuliwa kutoka sakafu ya bahari kuyazuia.

Watu nao wamefurika. Tangu 2024, kwa siku maalumu, mgeni asiyelala mjini hulipa kiingilio, kuanzia yuro 5. Nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha watalii, na wenyeji wanahamia bara. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Karibu na Rialto, dirishani mwa duka la dawa, wenyeji waliweka mwaka 2008 kibao cha umeme kinachoonyesha idadi ya waliobaki. Mwaka 2022 kilishuka chini ya 50,000.