Mashine ya leza ipimwe kwanza, ngozi ya mteja siyo ya kujaribia

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi kuhusu leza za kuondoa vinyweleo na madoa yanafanana sana, mteja kaenda saluni, kapigwa leza kidevuni, kesho yake kaamka na malengelenge, na baada ya wiki mbili tatu pale palipoungua pamekuwa peusi kuliko hata madoa aliyoenda kuyatoa. Tukienda kukagua tunamkuta mwenye saluni ni muungwana tu, hana nia mbaya, anatutolea risiti na karatasi ya CE iliyokuja kwenye boksi, anauliza sasa mnataka kupima nini tena?

Jamani, CE siyo kipimo cha mashine yako! Inahusu aina ya kifaa na masharti ya soko la Ulaya, haisemi chochote kuhusu hii moja iliyokaa kwenye kontena halafu ikafungwa kwenye chumba ambacho umeme unapanda na kushuka. Na hili mnalotuambia la "urembo ulihamia TBS 2019", yaani Shirika la Viwango, tumelieleza mpaka tumechoka: vilivyohamia ni vipodozi, yaani losheni, krimu na wenzake. Leza ya kutibu ngozi ni kifaa tiba, na vifaa tiba viko TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Tunaanza na umeme, kama unavuja kwenye bodi au kwenye kishikio kinachomgusa mteja, na kama ethi, ule waya wa ardhini, ipo. Ikifeli hapo hatuendelei. Halafu tunaweka mita ya nishati mbele ya kishikio, tunapiga kiwango cha chini, cha kati na cha juu, kila kimoja mara kadhaa, tunaandika. Viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya vifaa vya umeme, kwa leza za tiba vinaruhusu kinachotoka kipishane na kinachosomeka kwenye skrini kwa asilimia 20 tu, kwa hiyo ukiweka jouli 20 (kipimo cha nishati) kwa sentimita ya mraba halali ni kati ya 16 na 24, ikitoka 30 umemuunguza mtu huku skrini inakwambia uko salama. Tunaangalia pia kitufe chekundu cha dharura, ufunguo, kipozeo, na miwani. Miwani ya nanometa 755, yaani urefu wa wimbi la mwanga wa leza, usiitegemee kwenye 1064 hata kama ni nyeusi tii, na miwani ya jua ndiyo kabisa usituoneshe.

Mashine ikipita, ngozi nayo ina kipimo chake. Leza ya 755 inakamatwa sana na melanini, ile rangi ya ngozi, ndiyo maana kwenye ngozi nyeusi joto linabaki juu juu na kuunguza, ile ya 1064 inazama zaidi na kwa wateja wetu wengi ndiyo salama zaidi. Setingi za ngozi nyeupe usizinakili! Piga sehemu ndogo, subiri angalau saa 48, na kwa ngozi nyeusi subiri zaidi maana weusi huchelewa kutokea. Mteja anayetumia mkorogo au dawa ya chunusi ya isotretinoin aseme kabla, na wewe muulize, usingoje aseme.

Mashine isiyosajiliwa inafungwa kwa lakiri, fomu inajazwa, mwenye mali anasaini, na kusaini siyo kukiri kosa, ni kukubali kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokamatwa. Kukata lakiri ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Ikiamuliwa iharibiwe gharama ni za mwenye mali.

Ukiungua, pooza kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno, nenda hospitali. Piga picha siku hiyohiyo na uliza jina la mashine na setingi walizokupigia, uziandike, maana tukifika mara nyingi tunakuta setingi zimeshashushwa na hatuna cha kulinganisha.